Mashine ndogo ya mikanda na winchi ya magogo: anza na winchi

Ndugu yangu wa Mpeketoni, Lamu, umeuliza ununue mashine gani ndogo ya mikanda (inayotembea kwa mikanda badala ya magurudumu) ya kutolea magogo ya miembe na mivinje shambani kwako, na katika swali lako umetaja nguvu za injini mara tatu. Winchi, yaani mtambo wa kuvutia mzigo kwa kamba, umeitaja mara moja tu, tena mwishoni. Mimi nilianza vivyo hivyo na ikanila pesa.

Nakata na kupasua mbao huku Malindi, zaidi upande wa Ganda na Mambrui. Ardhi yetu tambarare, kwa hivyo mashine kubingirika mlimani si hofu yetu kubwa. Kinachotumaliza ni mchanga. Piga hesabu hii kabla hujalipa mtu. Gogo la mwembe lenye kipenyo cha sentimita 45 na urefu wa mita 3, likiwa bichi, lina karibu nusu tani. Kulikokota likiwa limelala chini kwataka mvuto wa kilo 250 hadi 350 hivi, na kichwa kikianza kulima mchanga ni zaidi ya hapo. Mashine ya kilo 400 kwenye mchanga mkavu haivuti hata nusu ya uzito wake, hata uitie injini ya lori. Mikanda itazunguka papo hapo na kujichimbia shimo. Niliyaona hayo siku ya kwanza, vijana wa jirani wakinicheka kutoka ukutani.

Basi kazi ya mashine huku ni kuifikisha winchi karibu na gogo. Ikifika isimame, uifunge kwa nyuma kwenye kisiki au mti ulio hai (uweke gunia, usichubue gome), halafu kamba ndiyo ivute. Gogo likifika njiani, ndipo uinue kichwa chake kwenye kitoroli au ulipakie kitandani mwa mashine. Kichwa kikiwa juu, mzigo unapungua sana.

Mimi nilinunua kibebeo cha mikanda cha mtumba, kile cha kuendeshwa ukitembea nyuma yake, nikamwambia fundi anichomelee winchi ya umeme ya volti 12 iliyotolewa kwenye gari. Gogo la kwanza likaja, la pili likaja, la tatu betri ikafa na mota ikatoa harufu ya kuungua. Winchi kama ile ikivuta kwa nguvu zake zote hula ampea 300 na kupita, ilhali injini ndogo kama ile huchaji ampea chache tu, au haichaji kabisa. Yatosha kujinasua tope mara moja kwa wiki. Kukokota magogo kutwa nzima, hapana.

Mashine yako ikiwa na haidroliki (mfumo wa kuendesha vifaa kwa msukumo wa mafuta) yenye nafasi ya kuongeza kifaa, chukua winchi ya haidroliki, haichoki haraka. Ikiwa haina, tafuta winchi ya petroli ya kuzungushia kamba, ile ambayo kamba hupita kwenye ngoma na kutoka upande wa pili bila kujikusanya. Ndiyo ninayotumia sasa. Ile ya ngoma ya kukusanya waya ina siri ambayo wauzaji hawaitaji: nguvu iliyoandikwa ni ya waya ukiwa kwenye tabaka la chini kabisa la ngoma. Waya ukijaa ngoma, waweza kupoteza theluthi ya nguvu au zaidi.

Na kabla ya kuongeza ukubwa wa winchi, nunua kapi. Wewe ni mtu wa Lamu, sina haja ya kukufunza kapi. Foromali ya jahazi, ule mti mrefu wa kushikia tanga, haikupandishwa kwa misuli mitupu. Funga kapi la chuma kwenye gogo, ncha ya kamba irudi ifungwe kwenye mti ulio karibu na mashine, na mvuto utakaribia mara mbili kwa nusu ya mwendo. Lakini ule mti wa nanga nao unabeba nusu ya mzigo, usichague mnazi uliooza shina.

Kamba: waya wa chuma huku kwa chumvi hupata kutu upesi na nyuzi zake huchoma mikono. Ile ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika hairuki kwa ukali kama waya, ila mchanga huila kwa ndani. Ioshe kwa maji yasiyo na chumvi na usiianike juani. Yoyote utakayochagua, mtu asisimame sambamba nayo ikiwa imekaza, wala asiiruke.

Pahali pa kufungia winchi pawe chini, usawa wa mikanda ikiwezekana. Yangu ya kwanza ilikuwa juu kwenye fremu, gogo likakwama kwenye mzizi, mashine ikainua pua kama punda mkaidi. Nilikuwa pembeni, namshukuru Mungu.

Mikanda ya raba yatosha mchangani. Lakini kama shamba lina mawe ya matumbawe, kama kule Gede, usipige kona za papo hapo, jiwe litakata raba. Geuka taratibu, na kagua mkazo wa mkanda kila asubuhi: ukilegea huchomoka, ukikaza mno hula beringi.

Winchi yangu ya zamani, ile ya umeme, ipo stoo, mota imebadilishwa waya. Ukiitaka kwa kujinasulia gari nitakupa kwa bei ya chuma chakavu. Na kabla ya lori la kwanza kutoka, pitia ofisi ya KFS (Shirika la Huduma za Misitu Kenya) upate kibali cha kusafirisha. Usipokuwa nacho, magogo yatalala kizuizini na wewe pamoja nayo.