Niulizeni kwanza nani anakaa nyuma

Swali lenu la wiki lilikuwa fupi: kati ya Toyota Vanguard na Nissan X-Trail ya siti saba, mwenye familia anunue ipi? Nimesoma majibu mliyokwisha kuchapa. Karibu yote ni ya akina baba, na karibu yote yanazungumzia injini, spea za Gerezani na bei ya kuuzia baadaye. Hayo yana maana, siyapuuzi. Ila hakuna hata mmoja aliyetaja ni nani nyumbani kwake anayekaa zile siti mbili za nyuma kabisa. Jambo hilo lilinikaa kooni siku mbili nzima, ndiyo maana naandika.

Msimamo wangu niuseme mapema. Siti ya tatu ya magari haya ni ya begi, au ya mtoto anayekwenda kanisani na kurudi. Kumkalisha mtu mzima pale kwa safari ya kutwa ni kumkosea adabu. Najua, kwa sababu nilimkalisha mama mkwe wangu.

Ilikuwa Desemba 2019. Shemeji yangu mdogo alikuwa anaoa Makambako, na sisi tulikuwa na Vanguard yetu ya cc 2,400 tuliyoinunua mwaka mmoja kabla. Mama alikuwa kwetu Dar tangu Oktoba kwa ajili ya kliniki ya macho. Tukahesabu watu. Mume wangu kwenye usukani. Mimi mbele, maana nilikuwa na mimba ya miezi saba na miguu ilishaanza kuvimba. Katikati baba mkubwa wa mume wangu, ambaye ndiye angesimama kama baba wa bwana harusi na mwili wake si mdogo, pamoja na watoto wetu wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka miwili kwenye kiti chake cha mtoto. Wakabaki Mama na binti wa wifi yangu, wa miaka kumi na sita. Siti zilizobaki nazo zilikuwa mbili. Hesabu ilikubali, na kwa kuwa ilikubali hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo.

Nilimwambia Mama akae mbele. Nilimwambia kweli, mara mbili. Akanijibu, "Wewe una mtu tumboni, mwanangu. Mimi nitakaa na mjukuu wangu huko nyuma, tutapiga soga." Mtu aliyelelewa vizuri anajua kwamba mkwe akikataa mara mbili, unambembeleza mara ya tatu. Sikumbembeleza.

Tulitoka Kimara saa kumi na moja alfajiri. Ukiinua siti za nyuma za Vanguard, buti linalobaki ni la kusimamisha ndoo mbili na mkoba. Keria hatukuwa nayo. Kwa hiyo begi la nguo za harusi lilikwenda miguuni pa Mama, naye akaweka miguu juu yake. Sakafu ya kule nyuma yenyewe iko juu na siti iko chini. Ukiongeza begi, mtu anakaa kama anayekuna nazi juu ya mbuzi, magoti yanakaribia kidevu.

Mpaka Chalinze nilikuwa namsikia anaongea. Morogoro tulisimama kunywa chai. Baba mkubwa akashuka, mimi nikashuka, mtoto wetu mkubwa akashuka. Mama akasema yeye hana haja, ameshiba. Chai niliyompelekea dirishani akaipokea, akampa binti. Mimi nikaona ni tabia yake tu ya kutopenda vitu vya njiani.

Ukweli niliujua Mikumi. Ili mtu atoke siti ya tatu, siti ya katikati lazima ilazwe na kusukumwa mbele, na upande wa kushoto, ule wa ukingo wa barabara, ndiko tulikofunga kiti cha mtoto. Mama aliingia kwanza, ndipo kiti kikafungwa nyuma yake kama komeo. Ili ashuke, ilibidi mtoto aamshwe, kiti kifunguliwe, siti ilazwe, naye apenye akiwa ameinama huku kaka wa marehemu mume wake amesimama mlangoni akingoja. Aliyaona hayo yote tangu Kimara, tukiwa bado tunafunga mikanda. Akaamua kutokunywa maji.

Tulikuwa tumeshamaliza zile kilomita hamsini za hifadhini na matuta yake, tumefika mjini Mikumi, binti akanigusa bega kwa kunyoosha mkono juu ya vichwa vya wenzake. "Anti, bibi miguu imekufa ganzi."

Tulimtoa. Alitoka kinyumenyume, ameshika mkanda kama mtu anayeshika kamba ya kisima, kanga ameifunga magotini ili gauni lisipande. Viatu alikuwa ameshavua zamani. Vidole vimevimba, na kwenye unyayo wa kushoto zipu ya begi imejichora, meno yake yote yanahesabika. Ile alama ya zipu ndiyo ninayoiona kila nikikutana na tangazo la gari la siti saba. Alisimama kama dakika kumi ameegemea mlango, akanyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili, kisha akasema twende, jua linapanda. Nilitaka tubadilishane siti. Akalitazama tumbo langu, hakusema kitu. Begi tukalihamishia miguuni pangu, mahali ambapo lingekaa tangu mwanzo kama mtu mmoja tu angewaza.

Ruaha Mbuyuni alisimamisha gari mwenyewe. Vitunguu vya pale havipitwi na mtu anayekwenda kwenye sherehe, na huko jikoni walikuwa wanamsubiri. Akanunua mfuko mmoja wa wavu, kisha tukakumbuka kwamba hatuna pa kuuweka. Mume wangu akaanza kupangua buti pembeni ya barabara. Mama akasema, "Nipeni mimi." Akaupakata. Tukaupanda mlima Kitonga nyuma ya malori yanayotambaa, kona baada ya kona, kiyoyozi kinapuliza mbele na huko nyuma kinafika kwa huruma, vioo vya siti zile havifunguki, na Mama amekumbatia vitunguu kama mtoto mchanga. Tulipofika Ilula, nyanya zimepangwa barabarani kwenye matenga, nikamsikia anamwambia binti, "Hizi sasa angezipakata nani?" Wakacheka wawili peke yao.

Harusi ilifana. Mama alicheza akiwa amekaa kwenye kiti.

Nirudi kwenye magari. Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa dada yangu Mbezi, ambaye ana X-Trail ya 2015, hii inayoitwa T32. Nilikaa siti ya nyuma kabisa robo saa, gari limesimama, madirisha yamefungwa, kisha nikatoka nikakaa kwenye Vanguard yetu robo saa nyingine. Mimi si mrefu. Kwenye zote mbili siti ya katikati inateleza, kwa hiyo goti lako linategemea huruma ya aliye mbele yako. Kwenye X-Trail nilipata nafasi ya vidole vitatu zaidi, lakini nywele zikagusa dari. Kwenye Vanguard kichwa kilikuwa huru, paja ndilo lililoning'inia bila kuegemea chochote. Na kwenye zote mbili niligeuka nikapima kutoka kisogo changu hadi kioo cha nyuma: haifiki shubiri, na hiyo ndiyo nafasi yote kati ya kichwa chako na gari litakalowagonga kwa nyuma. Sijaona yeyote miongoni mwa walioandika akilitaja hilo.

Ukitazama vipimo, utaona ni kwa nini. Vanguard ni RAV4 iliyorefushwa, milimita 4,570 kutoka mbele hadi nyuma. T32 ilipotoka ilikuwa 4,640. Wanaobishana kwa nguvu zote wanagombania sentimita saba. Toyota Noah, zile gari za kama basi dogo, za wakati huohuo zina urefu unaolingana na haya, ila zimejengwa kama chumba, ndiyo maana bibi anaingia kwa mlango wa kuteleza na kukaa kama mtu. Nilipoanza kuandika, jibu langu lilikuwa Noah, basi. Lakini anayekwenda kwa wazee vijijini huko juu kwetu Desemba, tope likiwa limekolea, anajua Noah iliyo chini chini inaishia wapi.

Kuna mambo mawili niwarekebishe waliotangulia. La kwanza ni gia. Mmoja ameandika kwamba anakimbia X-Trail kwa sababu ya CVT, yaani gia ya otomatiki isiyo na hatua, na kwa hiyo anachukua Vanguard. Vanguard ya 2.4 nayo ni CVT. Iliyokuwa na gia ya kawaida ya otomatiki, ya hatua tano, ni ile ya V6 ya lita 3.5, na hiyo mafuta yake mnayajua. Kwa hiyo usidhani umekimbia kitu. Gari lolote kati ya haya, oili ya gia ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu chake. Ya X-Trail inaitwa NS-3. Fundi akikwambia "oili ni oili tu", chukua funguo zako uondoke. Jirani yetu mmoja aliwekewa oili ya gia ya kawaida na gari lake likaanza kuvuta kwa kigugumizi kabla mwezi haujaisha. Na injini ya Vanguard, 2AZ-FE, inajulikana kwa kula oili ikizeeka. Chomoa stiki ya kupimia oili kila Jumamosi, usingoje taa.

La pili ni ushuru. X-Trail ina cc 1,997, Vanguard 2,362. Ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, na juu ya hapo ni asilimia 10. Halafu kuna tozo ya uchakavu kwa gari kuukuu. Vanguard ziliacha kutengenezwa 2013, kwa hiyo ukiagiza yoyote leo imeshavuka miaka kumi na unalipia uzee wake wote. X-Trail unaweza kuipata changa.

Mlango wa nyuma nao una habari yake. Wa Vanguard unafunguka kwa pembeni, bawaba zikiwa kulia. Kwetu tunaoendesha kushoto ni raha, unapakia ukiwa upande wa ukingo na mlango wenyewe unakukinga na magari. Lakini kwenye maegesho ya kubanana haufunguki wote. Wa X-Trail unapanda juu, na ukiwa na mtoto wa nepi utaupenda kwa kivuli chake.

Nilipofika hapa, juzi usiku, niliweka kalamu nikamuuliza Mama. Yuko kwetu tena kwa ajili ya yale macho. Nilimuuliza kama anaikumbuka ile safari, nikitarajia anisamehe au anilaumu, kimoja. Akasema, "Ile? Ndiyo safari niliyomfahamu yule mtoto." Kumbe kutoka Mikumi hadi Iringa binti alimweleza mambo yake yote, pamoja na kwamba alitaka kuacha shule, jambo ambalo mama yake mzazi hakulijua. "Pale nyuma hakuna aliyekuwa anatusikia. Mngenipandisha basi, ningeyajua wapi?" Nikamuuliza habari ya magoti. "Magoti yaliniuma kabla ya gari lenu, na sasa yananiuma nikiwa kwenye kochi."

Sikulala vizuri. Neno langu la kukosea adabu silifuti, maana zipu niliiona kwa macho yangu. Lakini siwezi tena kusema siti ile haifai kuwepo. Kama isingekuwepo, mmoja wa watu wale wawili asingesafiri nasi, na ninajua angekuwa nani.

Kwa hiyo jibu langu, kwa anayenunua leo na hana gari: X-Trail, ingawa mimi ni wa Vanguard na sitaiuza yangu. Nasema X-Trail kwa sababu ya umri na ushuru, na kwa vile vidole vitatu vya goti, mradi uwe na fundi anayeijua gia yake na usiwe na mtu mrefu wa kumweka nyuma. Kama tayari una Vanguard iliyotulia, kaa nayo. Na kama nyumbani kwako kila safari ni watu saba wazima, sahau zote mbili, ongeza hela utafute gari kubwa zaidi, Prado, au kubali Noah na uombe mvua ichelewe.

Sisi Desemba hii tunamrudisha Mama Makambako. Keria tumeshanunua. Mama atakaa mbele. Safari hii nimembembeleza mara tatu, akakubali ya tatu. Watoto watakuwa katikati, sasa ni watatu, na kiti cha mdogo kitafungwa upande wa kulia. Mume wangu alitaka wakubwa wawili wakae nyuma nami nikae katikati, nikakataa, kwa sababu ya ile shubiri isiyofika na yale malori ya Kitonga. Nyuma nitakaa mimi. Mama ameshaniagiza nimwachie nafasi ya mfuko mmoja wa vitunguu, na amesema atanisaidia kuushika hadi Ilula.