Gauni la leso: jina lisikatike
Dada, umeuliza kwa nini gauni la leso la mtoto wa miaka 4 limenywea na jina (maneno yaliyochapwa kwenye leso) limekatika. Leso ni pamba, na pamba hunywea ikiingia maji mara ya kwanza. Iloweke peke yake kwenye maji ya uvuguvugu, isuuze hadi maji yatoke safi, ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Jina limekatika kwa sababu fundi amekata mwamvuli: mkato wa duara hula pindo na maandishi. Mwambie akate mstatili wa marinda, mshono mmoja tu, nyuma. Kunja leso katikati ya jina, hapo ndipo katikati ya mbele. Pima sentimita 38 kutoka ukingo wa pindo kwenda juu, upana 110, yaani karibu mara 2 ya kiuno chake. Chini pinda sentimita 1, basi. Kifua kitoke kwenye mji (sehemu ya katikati ya leso, ndani ya pindo), na usikubali kikose bitana ya pamba (Eastleigh, Nairobi, ipo tele): leso ni nyepesi, mishono ya kwapa huachia mapema. Shanga za Kimaasai hupendeza, ila kwa mdogo wake asiyefika miaka 3 usizishone kabisa. Uzi ukikatika mtoto huziweka mdomoni, na zinaweza kumkaba.