Kabla hujailaumu Bluetooth: nilivyopima redio za simu na ulaji wa chaji

Mkuu, nimeyapitia majaribio yako mara mbili. Siku ya kwanza uliacha redio zote za simu, yaani sehemu zinazorusha au kupokea mawimbi, zimewashwa: Wi-Fi, Bluetooth, Mahali (GPS) na data ya 5G. Siku ya pili ukazima vyote, ukabaki na kupiga na kupokea tu, na chaji ikakaa saa sita zaidi. Ukahitimisha kwamba Bluetooth na Wi-Fi ndizo zinazonyonya betri. Namba zako naziamini, ila hitimisho nalipinga, na nalipinga kwa sababu mimi mwenyewe nilianzia hapohapo.

Nilikuwa najaza chaji mpaka 100 jioni, nabadilisha mpangilio mmoja, nalala, asubuhi nasoma asilimia iliyobaki. Usiku wa kwanza Bluetooth imewashwa, wa pili imezimwa. Tofauti ikawa kubwa, nikafurahi. Niliporudia kwa wiki nzima mambo yakageuka: kuna usiku Bluetooth imezimwa na simu imekula zaidi. Nilihangaika mpaka nikakumbuka jambo ambalo sikuwa naliandika popote, yaani simu ililala wapi. Usiku mwingine ilikuwa mezani karibu na dirisha, usiku mwingine kwenye droo chumba cha ndani, ambako mtandao unashika kwa taabu.

Mzizi wa jambo lote uko hapo. Simu hairushi mawimbi kwa nguvu ileile muda wote. Mnara ndio unaoielekeza ipandishe au ishushe, kulingana na jinsi unavyoisikia. Kwenye 4G simu ya kawaida inaruhusiwa kufika 23 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), yaani takriban miliwati 200, na ikiwa karibu na mnara inaweza kurusha chini ya miliwati moja. Hiyo ni nguvu inayotoka kwenye antena tu. Kipaza nguvu kilicho nyuma yake hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, kwa hiyo betri inatoa zaidi ya hapo. Ukituma video mahali penye mtandao hafifu, ule moto unaousikia mkononi ni chaji yako inayoondoka.

Kwenye Android, ingia kwenye mipangilio, tafuta taarifa za laini, utaona nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm, ikiwa namba hasi. Kwa 4G, -80 ni nzuri sana, -110 tayari ni shida. Usidanganyike kwamba tofauti ni 30 tu. Kila ukishuka 10, mawimbi yamepungua mara kumi, kwa hiyo kati ya -80 na -110 kuna pengo la mara elfu moja. Vile vijiti vya mtandao juu ya kioo havikuonyeshi hilo, na kila mtengenezaji ana namna yake ya kuvihesabu.

Jambo la pili, ambalo lilinichukua muda zaidi kulielewa, mimi naliita mkia. Programu ikiomba data kidogo, tuseme arifa moja fupi, modemu, yaani sehemu ya simu inayowasiliana na mnara, inaamka, inaunganishwa, inapokea, halafu hailali papo hapo. Inakaa macho ikingoja kama kuna kingine kinakuja. Muda wa kungoja hupangwa na kampuni ya mtandao, mimi na wewe hatuugusi, na kwenye 4G mara nyingi ni kama sekunde 10. Ujumbe uliofika kwa nusu sekunde unaugharimia sekunde kumi za kukesha. Sasa chukua programu moja inayouliza seva kila dakika: mara 60 kwa saa, sekunde 10 kila mara, modemu imekesha dakika kumi katika kila saa na pengine haikuleta chochote cha maana. Ndiyo maana kupakua faili kubwa kwa mkupuo mmoja hutesa betri kidogo kuliko data hiyohiyo ikija vipandevipande mchana kutwa.

Rudi kwenye siku yako ya pili. Ulizima Wi-Fi na data kwa pamoja. Hapo ulizifunga mdomo programu zote: hakuna arifa, hakuna kusawazisha picha, prosesa haiamshwi, kioo hakiwaki kila dakika. Zile saa sita zimetoka humo kwa kiasi kikubwa, na huwezi kuzigawia redio moja moja kwa sababu ulizima vitu vinne kwa mpigo.

Wi-Fi hasa inasingiziwa. Ukiwa ndani na ruta iko karibu, Wi-Fi ndiyo njia nafuu ya kuwa mtandaoni. Ruta hutangaza kuwepo kwake karibu mara kumi kwa sekunde, na simu iliyotulia inalala katikati ya matangazo hayo, ikiamka kusikiliza baadhi tu. Ukiizima huku data imewashwa, kazi ileile umeihamishia kwenye redio inayotaka kufika mnara ulio mbali. Katika usiku niliolinganisha, simu ikiwa palepale na programu zilezile, wa Wi-Fi ulikula kidogo kuliko wa data kila mara. Inapogeuka ni pale ruta iko mbali sana, au mtandao una vifaa vingi vinavyopiga kelele ovyo na kuiamsha simu.

Pia hakikisha ulichozima kimezimika kweli. Kwenye Android, chini ya Mahali, kuna mpangilio unaoruhusu simu kutafuta Wi-Fi na Bluetooth hata zikiwa zimezimwa. Kwenye iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017, vile vitufe vya haraka vinakata muunganisho tu. Kuzima kabisa unaingia kwenye mipangilio. Nilipoteza vipimo vya siku nne kwa kutojua hilo.

Bluetooth yenyewe, ikiwa imeunganishwa na saa ya mkononi na imetulia, sikuweza kuitofautisha na makosa ya kawaida ya vipimo vyangu. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2010 ina namna ya kutumia umeme kidogo sana. Kusikiliza muziki kwa saa kadhaa ni habari nyingine. GPS nayo inakula pale programu inapoiomba, kwa hiyo tafuta nani anaiomba.

5G inataka umakini. Mitandao mingi ya 5G ilianza kwa kuegemea 4G, na simu inashika zote mbili kwa wakati mmoja. Ninapokaa 5G inakuja na kupotea. Nilipoifunga simu ibaki 4G, nafuu ilionekana siku ya kwanza. 5G ikishika vizuri na kazi ikiwa ni kupakua faili kubwa, pengo linapungua, maana kazi inaisha mapema na modemu inalala.

Lakini kilichonipa nafuu kuliko vyote sikuwa nimekifikiria: laini ya pili. Haikuwa na mtandao pale nilipo, na simu isiyo na mtandao hutafuta, hupumzika, hutafuta tena, usiku kucha. Kama una laini mbili, izime hiyo dhaifu kabla ya kugusa kingine chochote.

Ukirudia, simu ikae mahali pamoja, kioo kimezimwa, na uandike dBm mwanzo na mwisho. Badilisha kitu kimoja tu. Usipime usiku miwili ukamaliza. Washa, zima, zima, washa, ili mabadiliko ya mtandao yasielemee upande mmoja. Na asilimia ni kipimo cha kijinga kwa kazi hii: kwenye betri ya mAh 4000 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba), asilimia moja ni mAh 40, na kama usiku mzima simu imeshuka asilimia tatu, kosa la asilimia moja tu ni theluthi ya matokeo yako. Kwenye Android, kwa kutumia kompyuta na amri ya `adb shell dumpsys batterystats --reset`, unafuta kumbukumbu za zamani na asubuhi unasoma makadirio ya mAh kwa kila kitu. Maabara hutumia vyumba vilivyozibwa mawimbi ya nje, na mnara wa kuigiza ndani yake, ili nguvu ya mawimbi isibadilike kabisa; hatuna hivyo, kwa hiyo marudio ndiyo kinga yetu.

Anza na Bluetooth peke yake kwa usiku nne, data na Wi-Fi ziache kama ulivyozizoea. Ukinitumia matokeo, weka na dBm za kila usiku, vinginevyo hatutajua tulipima nini.