Kuinua paa tupate chumba cha juu

SWALI: Nyumba yetu ya Majengo, Moshi, ina upana wa mita 4 tu na kiwanja kimeisha. Fundi anasema tufumue paa, tumwage slabu, tupandishe ghorofa. Ukuta ni wa tofali za inchi 6, hauna nguzo. Utabeba? – Msomaji, Moshi

JIBU: Slabu hapana, tafadhali. Zege la sentimita 15 lina uzito wa takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya mbao haifiki hata robo yake. Lakini chimbeni kwanza pembeni mwa msingi, mhandisi auone. Kibali cha manispaa nacho ni lazima.

Msingi ukifaa, inueni kuta mita 1.2 juu ya sakafu mpya, kisha paa la nyuzi 45. Katikati mtapata kimo cha mita 3.2, na eneo la kusimama wima lenye upana wa mita 2.4.

Hatari kubwa ni hii: kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) za zamani zina mbao ya chini inayozuia kuta zisisukumwe nje. Mkiiondoa, kuta zitapasuka. Fungeni mkanda wa zege juu ya kuta, nondo 4 za milimita 12, na boriti imara kileleni iliyokaa juu ya kuta za gebo (zile za pembetatu kwenye ncha mbili za nyumba).

Ngazi itakula mita 3.5 kwa karibu mita 1, ipangeni mapema. Msifumue bati kabla masika hayajaisha.