Weupe wa magharibi si taa za Manyoni

SWALI: Mhariri, shikamoo. Huku Bahi, Agosti hii, saa mbili usiku naona weupe umesimama magharibi. Jirani anasema ni taa za Manyoni. Kweli?
Msomaji, Bahi

JIBU: Marahaba. Mwambie jirani taa za mji hutanda chini, tena hukesha. Weupe wako umechongoka juu, na ikifika saa nne haupo. Hilo ni vumbi lililotapakaa kati ya sayari, linamulikwa na jua lililokwisha kuzama. Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati: kwetu husimama karibu wima, Ulaya mara nyingi hulala. Usiku usio na mwezi, amka saa kumi na nusu alfajiri utazame weupe kama huo mashariki. Simu iache ndani, tafadhali. Macho yanataka kama dakika 20 gizani.