Kijani cha Gatsby na uso wa Wilson

Mwanangu mpenzi,

Hapa nyumbani hatujambo, baba yako anakusalimu. Unaniambia mwenzako kakueleza kwamba ile taa ya kijani katika The Great Gatsby, riwaya ya F. Scott Fitzgerald, ni alama ya wivu, na wewe kila ukiisoma huoni wivu wowote pale. Mama, umeona sawasawa.

Ni kweli Waingereza huupaka wivu rangi ya kijani. Katika Othello, tamthilia ya Shakespeare, Iago anauita zimwi lenye macho ya kijani. Lakini Gatsby anapoinyooshea mikono taa ya gati la kina Daisy, usiku, ng'ambo ya ghuba, hamwonei mtu kijicho. Ni shauku tupu. Anamngoja mwanamke ambaye moyoni hajawahi kukubali kwamba ni mke wa mwingine.

Wivu utaukuta sura ya 7, siku ile ya joto kali, na hapo Fitzgerald kanishangaza kuliko mahali popote. Tom Buchanan, mume wa Daisy, ametoka kugundua kwamba Daisy anampenda Gatsby, na neno analopata ni kumdharau kwa suti yake ya waridi. Anasimama kutia mafuta kwa Wilson, fundi wa magari. Wilson naye amegundua kwamba mkewe, Myrtle, ana mtu. Hajui kuwa mtu mwenyewe ndiye huyo Tom anayemtilia mafuta. Maumivu ni yale yale, hayajapishana hata saa moja. Wilson anapotoka kivulini, tunaambiwa uso wake juani ulikuwa wa kijani. Rangi ile ile ya taa! Usiku, mbali, ilikuwa tumaini. Mchana, karibu, ni mtu anayeumwa.

Sisi tunasema kijicho, kwa sababu tunajua husuda inakaa machoni. Basi mtazame Myrtle kule dirishani juu: macho yamemtoka kwa hofu na wivu, amemkazia Jordan Baker, rafiki wa Daisy, akidhani ndiye mke wa Tom. Kakosea mtu. Jioni gari lile la manjano la Gatsby, alilomwona nalo Tom, linarudi, analikimbilia barabarani, kumbe usukani umeshikwa na Daisy, na gari linamuua. Daisy ni jina la ua, mwanangu: petali nyeupe, kiini cha manjano. Mara kwa mara kitabuni anavishwa nyeupe. Mimi nimemlilia Myrtle zaidi ya Gatsby, na sioni haya kukwambia.

Rudi sasa kwa Michaelis, jirani aliyeshuhudia ajali. Polisi wa kwanza anamwuliza rangi ya gari, naye anajibu kijani hafifu. Mtu mwingine ndiye anayesema lilikuwa la manjano. Wengi hupita hapo wakidhani ni shahidi aliyechanganyikiwa tu. Lakini sura chache nyuma Nick, anayetusimulia kisa chote, alishapanda gari hilo, na ndani lilikuwa la ngozi ya kijani.

Mama yako