Albamu za panki za 2024: zilizonishika na zilizonichosha

Mkuu, umeuliza ni albamu zipi za panki, ule muziki wa magitaa wa kasi na hasira, za mwaka 2024 zinazostahili hela ya mtu, na zipi tuziache zipite. Halafu mdau mwingine akaja na lile la siku zote, kwamba panki ilishakufa, waliobaki ni wazee wanaoishi kwa kumbukumbu. Naanza na swali lako. La mdau litajijibu humo humo.

Kwanza mjue nasikiliza kwa sikio la namna gani. Nilipokuwa kijana nilipiga besi kwenye bendi ndogo. Tulirekodi nyimbo sita kwa siku moja, tukatoka studio hatujijui kwa furaha. Baada ya wiki mbili fundi sauti akatuletea kazi "iliyosafishwa": dramu zimenyooshwa mpaka zinagonga kama saa ya ukutani, pumzi za mwimbaji zimekatwa, gitaa lililokuwa likichanika sasa linateleza tu. Kosa halikuwepo hata moja, na sisi pia hatukuwemo. Tangu siku ile, nikiweka albamu ya panki kitu cha kwanza ninachotafuta ni watu. Nataka niwasikie wamo chumbani.

Kwa sikio hilo, namba moja yangu ya 2024 ni To All Trains ya bendi ya Shellac ya Marekani. Steve Albini, mwimbaji na mpiga gitaa wao, alifariki Mei 7 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 61. Albamu ikatoka Mei 17, tarehe iliyokuwa imepangwa akiwa bado hai. Nyimbo 10, dakika 28 hivi. Iliyotangulia, Dude Incredible, ilitoka 2014, maana yake tumengoja miaka kumi kwa muziki usiofika hata nusu saa, na sijaona nimepunjwa. Waliirekodi kwa wikendi chache chache kati ya 2017 na 2022, wakaacha kila kitu kilivyotoka. Todd Trainer akipiga dramu unaweza kukadiria ukubwa wa chumba alichokaa. Besi ya Bob Weston inakwaruza, gitaa la Albini linalia kama bati linalokatwa, na katikati yao kuna ukimya wa kweli, ule ambao bendi nyingi zinauogopa na kuujaza kwa makelele.

Albini, ambaye pia alikuwa fundi wa kurekodi, ndiye aliyewaandikia bendi ya Nirvana kabla ya kuwarekodia albamu ya In Utero kwamba hataki mirabaha, anataka alipwe kama fundi bomba: afanye kazi, achukue ujira wake, aende. Kwake studio ilikuwa karakana, na bendi ndiyo mwenye mali. Msimamo huo unausikia ndani ya muziki wenyewe. Kuna wimbo unaitwa Scabby the Rat, jina la lile panya kubwa la kujazwa upepo ambalo vyama vya wafanyakazi vya Marekani hulisimamisha mbele ya waajiri wanaogombana nao. Wa mwisho kabisa unaitwa I Don't Fear Hell. Mara ya kwanza niliuzima katikati. Ile sauti ya mtu anayezungumzia kifo bila kutetemeka, na wewe unajua ameshafariki: nilihitaji siku mbili kuumaliza wimbo. Najua kuna watakaosema Shellac si panki. Kama kujitegemea, kukataa kunyonya wenzako na kusema ulichonacho kisha kunyamaza si panki, basi mimi sijui nimekuwa nikipenda nini miaka yote hii.

Ya pili ni I Got Heaven ya bendi ya Mannequin Pussy wa Philadelphia, iliyotoka Machi 1. Mwimbaji wao Marisa Dabice ana koo mbili. Moja inabembeleza karibu na sikio lako, nyingine inapasua, na anahama kutoka moja kwenda nyingine ndani ya mstari mmoja bila kukupa onyo. Wimbo wa jina la albamu unachukua maneno ya dini na ya mwili na kuyagonganisha, kwa hasira dhidi ya wanaotumia imani kuwatawala wenzao. Loud Bark unapanda taratibu mpaka unajikuta umesimama. Prodyuza ni John Congleton, na albamu ni safi kuliko ninavyopenda kwa kawaida, lakini usafi wake haukumfuta mtu: mpiga besi Bear Regisford akiingia kupokezana sauti na Dabice kwenye OK? OK! OK? OK!, unasikia bendi nzima inapigana. Nusu saa, imekwisha. Siku niliyoipata niliirudia mara tatu mfululizo, kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miaka.

Bendi ya Sprints wa Dublin walifungua mwaka Januari 5 na Letter to Self, na ndiyo albamu yao ya kwanza kamili. Sikilizeni Ticking inavyoanza, ile dramu nzito ya polepole kama mtu anayejizuia, halafu mwimbaji Karla Chubb anaacha kujizuia. Nyimbo za katikati zinafanana kidogo. Lakini Adore Adore Adore, jibu lake kwa namna wanawake wanavyopimwa kwenye muziki, inafidia yote.

Still Nervous ya bendi ya Bad Nerves, mbio tupu na vibwagizo vitamu. Hainifundishi kitu na sijaacha kuisikiliza.

Sasa wakubwa. Green Day na Saviors, Januari 19, wamerudi kwa Rob Cavallo, prodyuza wa albamu zao za Dookie na American Idiot. Niliiogopa, na kwa nyimbo sita hivi nilifurahi kweli. Dilemma, ambapo mwimbaji wao Billie Joe Armstrong anazungumzia ulevi wake, imeingia kwenye nyimbo zake ninazozipenda. Tatizo nyimbo ziko 15. Ukikata tano inakuwa albamu kali, lakini hakuna aliyekubali kushika mkasi, na kufika mwisho nilikuwa nimechoka.

Sum 41 wamefanya kosa hilo hilo maradufu: Heaven :x: Hell ni albamu mbili, nyimbo 20, moja ya panki tamu na nyingine nzito ya metali. Lakini walikuwa wanaaga, hii ndiyo ilikuwa ya mwisho, na anayeaga nampa muda wake. Upande wa Hell ndio niliobaki nao.

IDLES wamenigawa. Albamu yao ya TANGK ina mkono wa Nigel Godrich, prodyuza aliyefanya kazi na bendi ya Radiohead, pamoja na Kenny Beats na Mark Bowen wa bendi yenyewe. Mwimbaji Joe Talbot anataka kuimba mapenzi, na namheshimu kwa hilo, inahitaji moyo. Ila mawingu ya sauti yamewafunika. Nawatafuta wale watu watano wa Bristol waliokuwa wakinitisha, nawapata kwenye Gift Horse tu na sehemu mbili tatu nyingine.

Kwa hiyo mkuu, kama ni hela ya albamu moja, chukua Shellac. Kama ni mbili, ongeza Mannequin Pussy. Usisikilize kwa spika ya simu, tafuta kitu chenye besi.

Na mdau wa pili, nina jibu lako. Soft Play, wale waliokuwa wakiitwa Slaves mpaka walipobadili jina 2022, walitoa albamu ya Heavy Jelly Julai 19, 2024. Humo mna wimbo waliouokota kwenye matusi ya mashabiki waliokasirikia jina jipya. Unaitwa Punk's Dead. Usikilize, kisha uje hapa tuendelee.